Petro Baada ya Jogoo Kuwika

Petro hakusema uongo alipoahidi kufuatana na Bwana hata gerezani na kufani (Luka 22:33). Alimaanisha. Kosa lake ni kuutegemea moyo wake mwenyewe, tena akijiona imara kuliko wenzake (Mathayo 26:33). Usiku uleule alimkana Bwana mara tatu, akatoka akilia.

Wasomaji wengi huishia hapo, kwenye machozi. Lakini miaka kadhaa baadaye, mhubiri huyo wa Pentekoste alijitenga na meza ya ndugu wa Mataifa kule Antiokia, kwa kuwaogopa watu, hata Paulo akamkemea mbele ya wote (Wagalatia 2:11–14). Hofu ileile ya uani kwa kuhani mkuu!

Je, mshiriki aliyebatizwa miaka 30 iliyopita ana nini cha kutubia asubuhi ya leo?