Naomi Mshenga wa Bethlehemu

Kabla ya kuyasoma maneno yetu, twawaomba mkifungue Kitabu cha Ruthu, mkisome chote. Ni milango minne tu. Mama aliyeteleka maharage atakimaliza kabla hayajaiva.

Humo twamwona mwanamke mzee akimtafutia mume mjane kijana. Naomi alikwenda Moabu kwa sababu ya njaa, pamoja na mumewe Elimeleki na wana wao wawili. Wakakaa huko yapata miaka kumi, naye akawazika wote watatu. Akarudi Bethlehemu mwanzo wa mavuno ya shayiri, hana mtu ila Ruthu, mkaza mwanawe. Wanawake wa mji walipomstaajabia, hakuificha hali yake. Aliwaambia wamwite Mara, kwa maana maisha yake yamekuwa uchungu.

Walakini mama huyu mwenye uchungu hakuacha kumfikiri binti wa watu. Ruthu alipoleta jioni efa moja ya shayiri aliyoiokota, Naomi akauliza ameokota kwa nani. Na aliposikia jina la Boazi, mara akakumbuka ya kuwa mtu huyo ni jamaa. Shayiri ilipokuwa ikipepetwa, akatoa shauri lake: Ruthu aoge, ajipake mafuta, avae vizuri, ashuke uwanjani pa kupuria. Bibi zetu wakisomewa habari hii hucheka, kwani kazi hiyo waijua sana. Nani asiyewaona baada ya ibada, wawili wawili kivulini, wakinong'ona juu ya mjukuu wa huyu na mjukuu wa yule? Sisi hatuwalaumu. Wengi wetu tusingalizaliwa pasipo minong'ono hiyo.

Lakini Ruthu alikuwa Mmoabi. Kumbukumbu la Torati, mlango wa 23, chawazuia Wamoabi katika mkutano wa Bwana. Na Mwanzo, mlango wa 19, chaeleza jinsi Moabu alivyozaliwa, habari ambayo hakuna bibi apendaye isomwe siku ya arusi. Kama Naomi angalitaka kumpamba binti yake kwa uongo, angalikuwa na sababu nyingi. Hakufanya hivyo. Mji mzima ulimjua Ruthu kuwa Mmoabi, na hata langoni, mbele ya wazee kumi, Boazi alimtaja kwa jina hilo. Tena Boazi mwenyewe alikwisha kumwambia shambani kwamba amesimuliwa habari zake, jinsi alivyoacha wazazi wake na nchi yake. Naye Boazi hakuficha lililo lake: usiku ule ule alimwambia Ruthu kwamba yuko jamaa mwingine aliye karibu kuliko yeye, wala hakutaka kumwoa kabla jambo hilo halijakatwa.

Tena liko neno ambalo wasomaji wengi hulipita upesi. Wazee wa Bethlehemu walipowabariki, waliomba nyumba ya Boazi iwe kama nyumba ya Peresi, ambaye Tamari alimzalia Yuda. Wenye kukijua kitabu cha Mwanzo, mlango wa 38, waelewa aibu iliyokuwa katika jambo lile. Nao waliitaja siku ya posa, kwa sauti, kuwa baraka! Mathayo naye, alipoandika ukoo wa Bwana wetu, hakumpita Tamari, wala Rahabu, wala Ruthu. Mwandishi mwenye hila angalichagua Sara na Rebeka.

Hata hivyo, tusikosee upande wa pili. Kulipokaribia kupambazuka, Boazi alitaka isijulikane kwamba mwanamke amefika uwanjani. Hiyo nayo ni siri, na ilikuwa siri njema, maana ililinda jina la Ruthu na vinywa vya watu wasiohusika. Walimu mwafahamu jinsi Dakta Luther alivyoifafanua amri ya nane katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529: yatupasa kumtetea jirani, si kumfunua. Basi kuna kumfunika mtu mbele ya walimwengu, na kuna kumficha mbele ya yule atakayelala naye nyumba moja maisha yake yote. Watu huchanganya mambo haya mawili. Hata sisi tumeyachanganya.

Twaeleza jambo lifuatalo kwa ruhusa ya wenyewe, wala hatutautaja usharika. Matangazo mawili ya ndoa yalikuwa yamekwisha kusomwa, limebaki la tatu, bibi mmoja alipotujia usiku. Yeye na bibi wa kijana ndio walioitengeneza posa ile. Walikuwa rafiki tangu walipofundishwa kipaimara pamoja. Akatuambia kwamba mjukuu wake alizaa angali msichana mdogo, na mtoto amelelewa kwa bibi, akihesabiwa kuwa mdogo wa mamaye. Kijana hajui. Bibi akasihi, "Wanangu, mambo haya yamezikwa. Mkiyafukua mtaniua."

Twakiri kwamba tulinyamaza siku mbili, tukijifariji kwa amri ya nane. Siku ya tatu tukaenda kwake. Tulitaka kusema na bibi peke yake, lakini binti alikuwa akipepeta mahindi pale uani, naye akatutangulia kwa neno moja: "Bibi, nimechoka kumwita mwanangu mdogo wangu." Kisha akatua ungo chini, akalia, na bibi akalia. Tuligundua ya kuwa tangu mwanzo binti alitaka kusema, akakatazwa. Bibi alimhurumia, naye kwa huruma yake akamfunga.

Jioni ile binti alimweleza mchumba wake yote, nao bibi wawili wakiwapo. Kijana hakujibu neno. Alichukua kofia yake akaondoka. Jumapili tangazo la tatu halikusomwa, na washarika wakatazamana. Bibi hakufika ibadani. Majuma mawili tulimtembelea kila siku ya pili, maana alikuwa hali chakula, naye alituuliza kila mara kama Mungu humsamehe mtu aliyedanganya kwa ajili ya upendo. Tulimjibu kwamba humsamehe, kwa ajili ya Kristo aliyezaliwa katika ukoo wa Tamari na Rahabu na Ruthu.

Juma la tatu kijana alikuja ofisini kwetu. Hakuuliza habari za baba wa mtoto. Aliuliza kwamba mtoto alibatizwa mwaka gani, na jina lake katika kitabu cha ubatizo limeandikwa chini ya mama yupi. Tukakifungua kitabu, akalisoma mwenyewe, akakaa kimya kitambo. Kisha akasema, "Basi lisahihishwe kabla ya arusi."

Tangazo la tatu lilisomwa Jumapili iliyofuata. Mtoto aliketi benchi la mbele, katikati ya bibi wawili.