Udhuru wa Mkaguzi wa Hesabu

Ndugu msomaji, jua ya kuwa mkaguzi wa hesabu ni shahidi. Watu wasioweza kuziona daftari za kampuni huiamini sahihi yake, wakatoa mali yao. Je, akitia sahihi juu ya jambo asilolikagua, kwa kuwa amebanwa na wakubwa wake, ana udhuru?

Ama kubanwa ni kweli. Hupewa saa chache kwa kazi nyingi. Akatakiwa kuangalia hati mia, akaangalia kumi, kisha zote akazitia alama ya vema. Au hufanya kazi usiku, na saa zile asiziandike, apate kusifiwa wepesi. Hili la pili watu hulidhania kuwa ni bidii, kumbe ni uwongo uzaao uwongo: kwani mwaka ujao mkubwa hupima kazi kwa saa zilizoandikwa, akamkalifisha mwingine yasiyowezekana. Hivyo aliyedhulumiwa huwa naye ni mwenye kudhulumu.

Na juu ya hayo iko tamaa. Mwaka 2000 kampuni ya Enron ya Marekani iliwalipa wakaguzi wake, Arthur Andersen, dola milioni 25 kwa ukaguzi, na milioni 27 kwa kazi nyingine. Ni nani apendaye kumkasirisha amlishaye? Mwaka 2001 Carl Bass, mmoja wa wakaguzi hao, aliyepinga baadhi ya hesabu zile, aliondolewa katika kazi ya Enron baada ya Enron kumlalamikia. Disemba mwaka ule ule Enron ikafilisika, maelfu ya watu wakapoteza kazi na akiba zao za uzeeni. Na Andersen, iliyokuwa na watu wapatao 85,000, ikaacha ukaguzi huko Marekani mwaka 2002.

Basi hukumu ni hii. Mkubwa atoaye muda usiotosha ni mshirika katika khiyana, wala hajitoi kwa kusema, "Sikumwamuru." Lakini uchache wa muda humpa mkaguzi udhuru wa kusema, "Sikukagua", haumpi udhuru wa kusema, "Nimekagua."

Enyi mlio katika kazi hii, andikeni saa zenu kama zilivyo, na msiloliona semeni hamkuliona. Apotezaye cheo kwa neno hilo amepoteza kilicho chake. Na atiaye sahihi ya uwongo hupoteza kilicho cha watu.