Ng'ambo ya Siti: Tunadaiwa Nini na Mtaa Uliogeuka?

Makala haya mafupi yanakusudia kudadisi swali moja la kimaadili ambalo wahakiki wa fasihi ya Kiswahili aghalabu hulikwepa: je, mtaa uliowahi kulea sanaa una haki ya kubakia ulivyokuwa? Mfano wetu ni Ng'ambo, Unguja.

Ng'ambo ni upande wa pili wa hori lililoitenga na Mji Mkongwe, hori ambalo baadaye lilifukiwa. Huko waliishi watu wa kipato cha chini, wengi wao wakiwa watumwa wa zamani na vizazi vyao. Huko ndiko Siti binti Saad, aliyehamia mjini kutoka Fumba mwaka 1911, alikoimba na wenzake nyumbani kwake nyakati za usiku. Mwaka 1928 walisafiri hadi Bombay kurekodi santuri. Mwaka huohuo wapangaji wa Ng'ambo waligoma kulipa kodi ya ardhi. Hatudai kwamba tukio moja lilizaa jingine. Tunachodai ni kuwa uimbaji ule ulikuwa na wasikilizaji walioujua uzito wa kodi na wa mahakama, na ndiyo maana uliwagusa.

Baada ya Mapinduzi ya 1964, sehemu ya Ng'ambo ilibomolewa na maghorofa ya Michenzani yakajengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki. Mji Mkongwe nao uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000. Kinaya ni dhahiri: majumba ya mawe yanalindwa, ilhali nyingi ya nyumba za udongo na makuti zilizosikia sauti ya Siti zimetoweka.

Hapa mhakiki hushikwa na majonzi, nayo majonzi hayo yahitaji kuhojiwa. Anayetamani nyumba zile zingebakia anatamani, pasipo kukiri, kwamba mkazi wa Ng'ambo aendelee kulala chini ya makuti yanayovuja ili sisi tupate mandhari ya kuhakiki. Mwandishi wa makala haya hajitoi hatiani. Nikifundisha nyimbo hizi niliwahi kuusifu ukale wa mtaa huo, hadi mwanafunzi mmoja akaniuliza iwapo ningekubali kuishi humo. Sikuwa na jibu.

Hata hivyo, haifuati kwamba kila ubomoaji ni maendeleo. Kumpa mtu nyumba bora ni wema. Kumhamisha bila kumuuliza ni kumnyima kilekile kilichogombewa 1928, yaani kauli juu ya ardhi anayoikalia.

Kwa mintarafu hiyo, twahitimisha kwamba deni letu ni kwa wakazi, waliopo na waliotangulia. Walio hai wana haki ya dari isiyovuja na ya kushauriwa kabla ya tingatinga kufika. Waliotangulia wana haki ya kutajiwa mahali walipoimba. Mhakiki azisomaye nyimbo za Siti bila kuitaja Ng'ambo, kodi yake na mgomo wake, naye pia amebomoa.