Jina lako katika kaye ya duka



Hapa Kampemba wengi wetu huchukua unga na mafuta kwa deni, tukingoja mshahara. Kukopa si dhambi. Mtume wetu (s.a.w.) alifariki dirii yake ya vita ikiwa rehani kwa Myahudi, kwa pishi 30 za shayiri.

Lakini aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, Al-Baqara 282, inaamuru deni liandikwe pamoja na muda wake. Basi taja siku ya kulipa, uone likiandikwa. Siku ikifika, nenda. Hata kama huna kitu, nenda useme. Anayepita njia nyingine ili kumkwepa mwenye duka, siku mtoto akilala njaa atamkopa nani?

Nawe mwenye duka, mpe muda mwenye dhiki, wala usiongeze kitu juu ya deni kwa sababu amechelewa. Hiyo ni riba.

Mtume hakumsalia maiti mwenye deni la dinari 2 mpaka Abu Qatada alipolichukua. Ndugu yangu, ukitoka msikitini leo, pitia dukani kwanza.

Wabillahi tawfiq.