Amana Kutoka Kilindini

Samaki aitwaye frontosa hawindi kwa mbio. Kwenye miamba ya Ziwa Tanganyika, mita 30 au 40 chini ya maji na zaidi, ambako mwanga unaofika ni wa bluu zaidi, hushinda akielea bila pupa. Wakati wake ni alfajiri. Samaki wadogo waishio kwa makundi huteremka usiku kulala karibu na miamba, na kabla hawajachangamka yeye huwasogelea taratibu, akafumbua mdomo, basi. Aliyezoea kukumbushwa na muadhini kuwa sala ni bora kuliko usingizi atatabasamu hapa, japo tabasamu lenyewe si la raha sana.

Ukimfuga nyumbani, kinachoshangaza ni jinsi jitu hili lilivyo dhaifu. Dume hupita sentimita 30, paji la uso lina nundu, na wale wa Kigoma wanajulikana kwa mistari yao saba myeusi. Lakini bamiza mlango tu uone: anakimbilia nyuma ya mawe, rangi inamtoka. Maji yakichafuka anagoma kula, tumbo linavimba, na hapo kumponya ni kazi. Ziwa alikotoka lina umri wa mamilioni ya miaka na kina cha mita 1,470, na kule anakoishi joto la maji halipandi wala kushuka sana mwaka mzima. Hajawahi kulazimika kuvumilia mabadiliko, atayavumiliaje? Ile tunayoiita nguvu yake, sehemu kubwa ilikuwa ya ziwa. Sasa amebakiwa na lita mia kadhaa na mtu mwenye ndoo.

Hata safari ya kumtoa huko ina adabu yake. Akivutwa juu kwa haraka, hewa iliyo katika kibofu chake hutanuka na kumuua, hivyo wazamiaji humpandisha kwa vituo, akipumzishwa katikati ya maji mpaka mwili uzoee.

Kinachonifikirisha zaidi kimo ndani ya filta ya tangi. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua, na amonia hiyo humrudia kama sumu. Wanaomwokoa ni bakteria waliojishikiza kwenye sponji: hawa wanaigeuza kuwa nitraiti, wengine wanaigeuza nitraiti kuwa nitreti, nayo tunaipunguza kwa kubadilisha maji. Tangi jipya husubiri wiki kadhaa mpaka watoshe. Ndiyo maana sponji naikamua ndani ya ndoo ya maji ya tangi lenyewe, maji ya kahawia yakimiminika vidoleni; ya bomba yana klorini, yangewaua. Umeme ukikatika kwa saa nyingi wanakosa hewa nao. Mla wenzake anaishi kwa hisani ya viumbe asiowaona, na mimi niliyejiona mfugaji siwaoni pia. Nikiomba riziki siku hizi, hao huja akilini kabla ya mkate.

Na chakula? Vipande vya kamba vinamtosha. Wapo wanaomtupia samaki hai ili wageni wafurahie windo. Silipendi jambo hilo. Ziwani yule mdogo ana pa kukimbilia. Kwenye kioo amehukumiwa kabla hajatumbukizwa.

Halafu kuna jike. Akitaga huyachukua mayai mdomoni, mdomo uleule uliomeza wengi, na kuwahifadhi watoto humo kwa mwezi na zaidi. Watafiti wa Kijapani waliandika mwaka 1991 kwamba jike mwenye watoto mdomoni huendelea kuokota chakula, nao wanakula humohumo. Utamwona amefura kidevu, anatafuna polepole mno, huku nyuma ya meno yake kizazi kizima kinapata mlo. Ukimtazama, neno «mkatili» linakosa pa kukaa.

Akitunzwa vema anaweza kufika miaka 20 na kupita. Anayemnunua samaki huyu wakati mtoto wake yuko chekechea ajue mtoto huyo atamaliza chuo samaki angali hai. Kumrudisha ziwani haifai, maana anaweza kupeleka maradhi ya tangini, na akiachiwa ufukwe usio wake atachanganya koo zilizotengana kwa vizazi vingi. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, muulize ndugu yako kama yuko tayari kubeba ndoo siku ambayo wewe hutakuwepo.