Kilichofichwa Ndani ya Gurudumu

Mjini Mwanza, ambako majabali hulichungulia ziwa na nyumba hupanda vilima hata mahali pasipofikika kwa gari, pikipiki imekuwa miguu ya watu. Mchuuzi wa samaki wa Mwaloni Kirumba, mgonjwa aendaye Bugando na mwanafunzi wa Nyegezi huketi nyuma ya dereva wasiyemjua, juu ya gurudumu lililofungwa na fundi wasiyepata kumwona. Hapo pana swali ambalo aghalabu hupitwa: fundi ana deni gani kwa mtu ambaye hatamjua kamwe?

Yafaa kazi yenyewe itazamwe kwanza. Beringi za gurudumu la nyuma zikilika, gurudumu huyumba na kuvuma, na hapana budi zing'olewe zitiwe mpya. Kati ya beringi mbili za kitovu hukaa bomba fupi la chuma ambalo mafundi huliita bushi. Sura yake haina fahari. Likianguka chini ya benchi laweza kufagiwa pamoja na takataka. Walakini ndilo lipokealo nguvu ya nati. Ekseli ikikazwa, pete za ndani za beringi hulibana bomba hilo, na gololi hubaki huru kuzunguka. Likisahauliwa, au likitiwa lililo fupi, pete husukumwa kuelekeana, gololi hubanwa, na beringi hupata moto na kufa kabla ya siku zake. Fundi mwenye haraka, aonapo gurudumu limekuwa zito, huilegeza nati kidogo mpaka lizunguke. Basi kosa la kwanza hufichwa na la pili. Beringi mpya nayo hugongwa kwa pete yake ya nje tu, maana pigo la pete ya ndani hupita katika gololi na kutia kovu njia yake. Kisha yako ya raba za kitovu, viatu vya breki, mkono uzuiao sahani ya breki isizunguke, mnyororo, na alama za ekseli zilingane pande zote mbili.

Kazi hii ikiisha, iliyo njema na iliyo mbaya hufanana machoni. Plato, katika kitabu cha pili cha Jamhuri, alimpa Glaucon kisa cha mchungaji aliyepata pete ya kumfanya asionekane, ili iulizwe kama yuko atendaye haki pasipo kuonwa. Fundi hana haja ya pete ya hadithi. Pete za beringi zamtosha.

Udhuru wake mkubwa ni ridhaa. Jioni inakaribia, dereva anadaiwa hesabu na tajiri mwenye chombo, naye husema, "Funga tu, fundi, nitarudi kesho." Mwenye kuomba amekubali hatari, fundi alaumiwe kwa nini? Hoja hii ina nguvu, lakini nguvu yake huishia kwenye kiti cha mbele. Mtu aweza kuridhia hatari yake mwenyewe. Hawezi kumridhia mama mwenye mtoto mgongoni atakayepanda usiku kwenda Buhongwa. Mama huyo atauliza nauli, hatauliza bushi. Watu wa ziwa hili wanalijua jambo hilo kwa msiba: MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996, na MV Nyerere ikapinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018. Waliopotea walikuwa abiria, na abiria hulipa nauli, akaacha mengine yote mikononi mwa watu wengine.

Basi fundi hana budi kukataa. Hata hivyo, kumtwika yeye peke yake mzigo huu ni dhuluma nyingine. Akisema pikipiki haitoki leo, hupoteza mteja, na jirani yake hatua kumi mbele huifunga. Dereva naye hupoteza mapato ya siku, na deni la hesabu hubaki palepale. Tajiri pekee hapungukiwi, ingawa chombo ni chake, na haraka iliyolegeza nati ilitoka kwake. Adaiye hesabu kamili siku ya matengenezo ameshika spana pamoja na fundi, japokuwa hajawahi kuchafua mikono kwa grisi. Siku hiyo moja ikisamehewa, dereva aweza kuketi kwenye benchi mpaka bomba lile fupi lipatikane, huku mama wa Buhongwa akipanda pikipiki nyingine.