Kadari na Mshipa Uliokakamaa

Mvuvi wa Goziba, kisiwa cha wilaya ya Muleba ndani ya Ziwa Victoria, anapofariki ghafla kwa kiharusi, waombolezaji, wawe Wakristo au Waislamu, husema kwamba siku zake zilikuwa zimefika. Kauli hiyo ni faraja ya haki kwa wafiwa, lakini inaacha swali zito: je, kifo kilichoandaliwa kwa miaka mingi ndani ya kuta za mishipa kihesabiwe kuwa kazi ya Mungu peke yake?

Aota, ambayo ni ateri kuu inayopokea damu kutoka moyoni, hutanuka moyo unapopiga, kisha hujirudi na kuisukuma damu mbele wakati moyo unapumzika, na ni katika pumziko hilo ambapo misuli ya moyo yenyewe hupata sehemu kubwa ya damu yake. Chumvi za kalsiamu na fosfati zikijijenga ukutani, aota hukakamaa: presha ya juu hupanda na ya chini hushuka, moyo hutumia nguvu zaidi huku ukipata damu kidogo, na mwenye mwili kwa kawaida hahisi lolote. Uzee, kisukari, sigara na hasa ugonjwa wa figo, ambao hulimbikiza fosfati katika damu, huharakisha hali hiyo. Zamani ilidhaniwa kwamba kalsiamu hiyo hujitandaza tu kama ukoko wa birika. Sasa inajulikana kwamba seli za misuli laini za ukutani hubadili tabia, zikafanya kazi ya seli za mfupa.

Hapo mtetezi wa kadari hupata hoja, kwamba udhaifu huu umo mwilini mwa binadamu tangu kale, na hoja yake ina uzito. Mwaka 2013 jarida la Lancet lilichapisha uchunguzi wa maiti 137 za kale zilizohifadhika kwa kukauka, kutoka Misri, Peru na Amerika ya Kaskazini, na 47 kati yake zilikuwa na dalili za ugonjwa wa ateri. Kumwambia mgonjwa kwamba ameadhibiwa kwa ulafi wake ni ukatili usio na msingi. Hata hivyo, mwaka 2017 Watsimane wa Bolivia, watu wa kulima, kuwinda na kuvua, walipopimwa, takribani 85 katika kila 100 hawakuwa na kalsiamu yoyote kwenye ateri za moyo. Udhaifu wa mwili ni wa binadamu wote. Kiasi cha madhara hutegemea maisha na mazingira.

Khalifa Umar bin Khattab, alipogeuza msafara asiingie Shamu yenye tauni na kuulizwa kama anaikimbia kadari, alijibu kwamba anatoka katika kadari ya Mungu kwenda katika kadari ya Mungu. Yoshua bin Sira, katika sura ya 38 ya kitabu chake, naye anahesabu tabibu na dawa kuwa vimetoka kwa Mungu. Kwa mafundisho hayo, kipimo cha presha nacho ni sehemu ya riziki ya Mungu, na jamii isiyokifikisha kisiwani inamsingizia Mungu uzembe wake. Kwa kuwa hadi leo hakuna dawa iliyothibitishwa kuyeyusha kalsiamu iliyokwisha kujijenga mshipani, mapadre, wachungaji na masheikh wa Muleba na Bukoba wana wajibu wa kudai vipimo vya presha, sukari na figo vifike katika kila mwalo, na kuwahimiza waumini wapimwe kabla hawajaumwa.